Zana za Mwandishi wa Kujitegemea
Na Mwanafunzi wa Kidato cha IV

Mkulima akiulizwa zana zake atazitaja upesi: jembe, panga, ndoo na gunia. Seremala atataja randa, msumeno na patasi. Lakini mwandishi akiulizwa zana zake, watu wengi hujibu ya kuwa ni kalamu na karatasi, basi. Mimi nami nilikuwa na fikira hiyo hiyo mpaka likizo ya mwezi Juni, nilipoona hasara iliyompata mjomba wangu.

Mjomba ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi, naye hukaa katika kijiji kimoja cha wilaya ya Mufindi, mkoa wa Iringa. Alipostaafu alianza kuzunguka vijijini kwa baiskeli akiwauliza wazee habari za manamba. Manamba ni wale watu waliochukuliwa kwa mkataba, zamani za Waingereza, kutoka nyanda zetu hizi na mahali pengine kwenda kukata mkonge katika mashamba makubwa ya Tanga na Morogoro. Waliitwa hivyo kwa sababu kila mtu alipewa namba yake. Mjomba aliandika kwa mkono akajaza kaunta buku tatu. Ndipo akatokea mtu mmoja aliyesema ya kwamba kazi yake ni kuchapisha vitabu. Mjomba akampa kaunta buku zote tatu. Hakuandikiwa hati yoyote, wala hakubaki na nakala. Mtu yule hakuonekana tena, na simu yake haiiti.

Mjomba alikaa karibu mwaka mzima bila kuandika neno. Alipopata moyo wa kuanza upya, wazee wawili katika wale aliowauliza walikuwa wamekwisha kufa. Maneno yao hayatapatikana tena kwa mtu mwingine. Ndiyo sababu nimeona yafaa niandike habari za zana za mwandishi, hasa mwandishi wa kujitegemea, kwa kuwa najua katika kidato chetu wako wanaotamani kazi hiyo, na wako wazazi wanaoiogopa.

Mwandishi wa kujitegemea ni nani? Ni mtu aandikaye bila kuajiriwa kwa mshahara wa kila mwezi. Yeye huuza kazi moja moja, kama fundi cherehani auzavyo shati moja moja. Leo aweza kuandika makala ya gazeti, kesho mchezo wa redio, keshokutwa akatafsiri kijitabu cha kilimo cha viazi au akatunga hadithi ya watoto. Katika miji ya Mbeya na Iringa wako watu wapatao riziki kwa kuandika risala za sherehe, wasifu wa marehemu na historia za jamaa. Mwalimu Nyerere alipotoa andiko lake la Elimu ya Kujitegemea mwezi Machi mwaka 1967, alitaka shule itufundishe kuishi kwa kazi ya mikono na akili zetu. Kalamu nayo ni kazi ya mikono na akili, lakini sharti iwe na zana zake.

Zana ya kwanza ni daftari la habari. Hili ni daftari dogo la kutembea nalo. Kila habari iandikwayo humo iwe na mambo matatu: tarehe, mahali, na jina la mtu aliyeisema. Mwandishi asiyetia tarehe hujidanganya akidhani atakumbuka. Mjomba alipoanza upya alijaribu kuandika kwa kukumbuka, akaona anachanganya maneno ya mzee huyu na ya mzee yule. Akafuta kurasa nyingi, akasema, “Mpwa wangu, nisiwasingizie watu waliokufa.” Tangu hapo huandika yale tu awezayo kuyauliza tena kwa walio hai.

Karatasi yenyewe tusiidharau. Nisafiripo kwa basi kutoka Mbeya kwenda nyumbani, tukishapita Makambako na kukaribia Mafinga, tunapishana na malori yaliyojaa magogo ya paina kutoka msitu wa kupandwa wa Sao Hill. Katika wilaya hiyo hiyo ya Mufindi, mahali paitwapo Mgololo, kiko kiwanda cha karatasi kilichoanza kazi katika miaka ya 1980. Nayataja hayo ili tukumbuke ya kuwa kila ukurasa ulikuwa mti, na mti huchukua miaka mingi kukua.

Zana ya pili ni kamusi. Mwandishi asiye na kamusi ni kama mpishi asiyeonja. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1981 na Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, na imetengenezwa upya zaidi ya mara moja tangu hapo. Iko pia Kamusi Kuu ya Kiswahili ya Baraza la Kiswahili la Taifa, yaani BAKITA, baraza lililoundwa kwa sheria mwaka 1967. Wengine husema, “Kiswahili ni lugha yetu, kamusi ya nini?” Lakini sisi wa nyanda za juu wengi wetu tulianza kusema Kihehe, Kibena, Kinyakyusa, Kisafwa au Kinyiha kabla ya Kiswahili, na mara nyingi tunaandika kama tusikiavyo. Mhariri akikuta “halafu” imeandikwa “alafu” katika mstari wa kwanza, huenda asifike mstari wa pili. Tena kamusi haifundishi tahajia tu. Yatufundisha tofauti ya maneno yanayokaribiana, mathalani kuazima na kuazimia, kufua na kufuma.

Zana ya tatu ni maktaba. Huduma za maktaba za taifa zilianzishwa kwa sheria mwaka 1963, na Maktaba Kuu ya Dar es Salaam ilifunguliwa na Mwalimu Nyerere tarehe 9 Desemba 1967. Mikoa ya Mbeya na Iringa nayo ina maktaba zake. Mwandishi ataka maktaba kwa mambo mawili. Kwanza, asome vitabu vya watangulizi wake ajue jinsi walivyoandika. Pili, apime habari aliyoambiwa. Mzee mmoja alimwambia mjomba mwaka aliokwenda mkonge, lakini gavana aliyemtaja hakuwa gavana wa mwaka huo. Kitabu cha historia kikamaliza shauri. Mzee hakuwa mwongo, ila miaka ni mingi. Tena yafaa tujue ya kuwa mtu akitaka kuchapisha kitabu, ile namba ya kitabu ya kimataifa iandikwayo nyuma ya jalada hutolewa hapa nchini na hao hao Bodi ya Huduma za Maktaba.

Zana ya nne ni simu na kompyuta. Sisi wa bweni hatukai na simu, wala sisemi tukae nazo. Lakini wakati wa likizo simu ya mzazi yaweza kutenda kazi tatu kubwa za mwandishi. Yaweza kurekodi sauti ya mtu anayehojiwa, baada ya kumwomba ruhusa. Yaweza kupiga picha ya kila ukurasa ulioandikwa kwa mkono. Tena yaweza kupeleka kazi kwa barua pepe kwa mhariri aliye Dar es Salaam au Nairobi kwa dakika moja, ambapo zamani bahasha ilisafiri siku nyingi. Kwa upande wa kompyuta, mwanafunzi ajifunze kupiga chapa kwa vidole vyote, maana mwandishi asiyejua kupiga chapa humlipa mwingine kwa kila ukurasa. Onyo langu ni moja: siku hizi ziko programu za kompyuta zinazoweza kumtungia mtu makala nzima. Programu hiyo haikupanda baiskeli kwenda kumwuliza mzee. Yaweza kusahihisha herufi, lakini ushahidi hauwezi kuutoa, na mtu akiuza kazi ambayo si yake amejiharibia jina.

Zana ya tano ni nakala, na hapa ndipo alipoanguka mjomba. Kanuni yake ni rahisi: usimpe mtu kazi ya pekee uliyo nayo. Mpe nakala, asili ibaki kwako. Kama kutoa nakala kwa mashine ni gharama, piga picha za kurasa kwa simu na uzipeleke kwenye barua pepe yako mwenyewe, ili hata simu ikipotea, kazi isipotee. Nakala tatu katika mahali patatu zatosha: moja nyumbani kwako, moja kwa ndugu unayemwamini, na moja katika barua pepe. Nyumba ikiungua au mvua ikivuja darini, hazitaharibika zote.

Zana ya sita ni sheria. Watu wengi hudhani ya kuwa sheria ni ya mahakimu na mawakili. La, ni zana ya mwandishi pia. Tanzania ina Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ya mwaka 1999. Kwa sheria hiyo, kazi ya maandishi ina ulinzi tangu inapoandikwa, na ulinzi huo huendelea maisha yote ya mwandishi na miaka 50 baada ya kufa kwake, ili warithi wake nao wafaidi. Ofisi ihusikayo ni ile ijulikanayo kwa jina la COSOTA. Kusajili kazi huko kwasaidia sana kutoa ushahidi wakati wa ugomvi. Lakini tuelewe jambo moja: sheria hailindi wazo, yalinda namna wazo lilivyoandikwa. Habari za manamba ni za watu wote, kila mtu aweza kuziandika. Bali maneno na mpango wa kaunta buku tatu ni mali ya mjomba. Kwa hiyo ukikabidhi kazi kwa mchapishaji, dai karatasi yenye mambo haya: jina la kazi, idadi ya kurasa, tarehe, majina na sahihi za pande mbili, na masharti ya malipo. Karatasi moja tu kama hiyo ingalimpa mjomba mahali pa kuanzia hata kama angalilazimika kwenda mahakamani.

Zana ya saba ni daftari la kazi na hesabu. Hili si lile daftari la habari. Hili lina mistari sita: tarehe ya kupeleka, jina la kazi, imepelekwa kwa nani, jibu, bei, na siku ya kulipwa. Wahenga walisema, mali bila daftari hupotea bila habari. Mwandishi asiye na daftari hili hupeleka hadithi moja kwa magazeti mawili akapata aibu, au husahau kumdai anayedaiwa. Tena daftari lamfundisha bei. Tuseme mtu ameahidiwa shilingi 40,000 kwa makala moja. Ametumia nauli shilingi 10,000, kupiga chapa shilingi 5,000, na simu na intaneti shilingi 3,000. Jumla ya gharama ni shilingi 18,000, na kilichobaki ni shilingi 22,000. Ikiwa kazi ilimchukua siku nne, amepata shilingi 5,500 kwa siku. Je, inatosha? Kila mtu atajibu mwenyewe, lakini asiyefanya hesabu hiyo hana analojibu, atafurahia 40,000 huku mfuko ukitoboka. Wachumi wetu wa Kidato cha IV watanikubalia.

Zana ya nane ni mashindano. Muhammed Said Abdulla wa Unguja alijulikana kwa ushindi wa mashindano ya hadithi ya mwaka 1957 na 1958, na kitabu chake Mzimu wa Watu wa Kale kikachapishwa mwaka 1960. Siku zetu hizi iko Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu, inayosimamiwa na Taasisi ya Elimu Tanzania. Ilianzishwa mwaka 2022, na washindi wake wa kwanza walitangazwa mwezi Aprili mwaka 2023. Iko pia tuzo ya fasihi ya Kiswahili iliyoanzishwa mwaka 2014 kwa jina la Mabati-Cornell, ambayo hupokea miswada ambayo haijachapwa. Faida ya mashindano haiko katika fedha peke yake. Mashindano yana tarehe ya mwisho, na tarehe ya mwisho humfanya mvivu kumaliza kazi. Lakini kabla ya kupeleka chochote, soma masharti yote. Shindano lisilosema wazi ni nani anayeliendesha, au linalotaka ulipe kwanza, liache lipite.

Zana ya tisa ni wenzako. Mwandishi wa kujitegemea hana meneja wala mfanyakazi mwenziwe wa kumtetea, kwa hiyo sharti awatafute wenziwe. Waandishi wa habari wa Mbeya na wa Iringa wana klabu zao za mikoa. Yafaa nieleze hapa ya kuwa kuandika hadithi au mashairi hakudai kibali, lakini uandishi wa habari una sheria yake, Sheria ya Huduma za Habari ya mwaka 2016, nayo yamtaka mwandishi wa habari awe na ithibati. Tena kazi hiyo ina hatari yake, wala si haki kuificha. Marehemu Daudi Mwangosi, mwandishi wa Channel Ten na mwenyekiti wa klabu ya waandishi wa Iringa, aliuawa tarehe 2 Septemba 2012 katika kijiji cha Nyololo, Mufindi, akiwa kazini kutafuta habari. Basi letu hupita Nyololo kila tuendapo likizo. Mtu aendaye kazini peke yake awaambie wenziwe aendako na saa atakayorudi. Hiyo nayo ni zana.

Ya kumi, na ya mwisho, ni shamba. Msicheke. Shaaban Robert, aliyezaliwa mwaka 1909 na kufariki mwaka 1962, aliingia ukarani wa forodha mwaka 1926 akabaki karani wa serikali kwa miaka mingi, huku akiandika vitabu tunavyovisoma mpaka leo. Hakungoja kalamu imlishe kabla ya kuishika. Malipo ya mwandishi hayaji kila mwisho wa mwezi. Kazi ya Januari yaweza kulipwa Mei. Mwenye ekari moja ya mahindi au viazi, au ujuzi wa kushona, au kazi ya kufundisha, hatauza mswada wake kwa bei ya njaa. Mjomba ana chai kidogo na ng'ombe wawili, na nafikiri ng'ombe hao ndio waliomwezesha kuanza upya.

Nawaomba wazazi wetu neno moja. Kijana wako akikuambia ataka kuwa mwandishi, usimwone mvivu mara moja. Mwulize, “Daftari lako liko wapi? Nakala zako ziko wapi? Umeuza nini na umelipwa nini?” Akiwa na majibu, ameanza kazi. Akiwa hana, mnunulie daftari kwanza kabla ya kumnunulia kompyuta.

Katika likizo ile nilikaa kwa mjomba siku kumi na mbili. Asubuhi tulikwenda kwa wazee, yeye akiuliza na mimi nikiandika, maana macho yake siku hizi huchoka upesi. Jioni tulipiga picha za kurasa za siku hiyo kwa simu ya mama. Tulipoagana kaunta buku ya kwanza ilikuwa imejaa, na nakala zake ziko mahali patatu. Mzee wa mwisho tuliyemtembelea alitupa namba aliyopewa mkonge. Ameikumbuka kwa zaidi ya miaka 60, akaitaja bila kusita, nasi tukaiandika pamoja na tarehe na jina lake.

Hapana shaka wako wazee wengine kama yeye katika vijiji mtokavyo ninyi, Rungwe, Mbozi, Njombe, Makete na Kilolo. Mtakapofunga shule mwezi ujao, waulizeni. Andikeni tarehe, mahali na jina. Kisha toeni nakala kabla hamjampa mtu yeyote.